Moto Unapita Wapi? Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Kufunga Taa za Ziada za Magari, kwa Kurejelea Karakana za Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya maelekezo ya Kiswahili yanayoambatana na taa za ziada za magari, aina ya matini ambayo ni nadra kuhakikiwa ingawa makosa yake huweza kuunguza gari. Hoja kuu ni kwamba utata wa maelekezo hayo hautokani na uhaba wa istilahi, kama inavyodhaniwa mara kwa mara, bali unatokana na sarufi: majina ya vifaa karibu yote yamo katika ngeli ya I-ZI, hivyo kiambishi cha yambwa hakiwezi kumwonyesha msomaji ni kifaa gani kinachozungumziwa. Utata huo huongezwa na vitenzi visivyoonyesha mwelekeo na vivumishi visivyo na kipimo. Makala inaonyesha kuwa lugha ya mafundi imekwisha kutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa kuifanya nomino *moto* kuwa kiima cha masimulizi. Hata hivyo, lugha hiyo nayo ina mipaka yake. Mwisho inapendekezwa matini mbadala inayounganisha mbinu ya karakana na vipimo vya kitaalamu.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa takriban kilomita 50. Usiku hakuna taa za barabarani katika sehemu hiyo, na tembo, nyati na twiga huvuka bila kungoja. Kutoka mji wa Mikumi, barabara nyingine huelekea kaskazini kupitia Ulaya hadi Kilosa. Katika mazingira hayo, dereva wa lori, wa gari dogo la abiria au wa pikipiki ana sababu ya msingi ya kutaka taa za ziada, ambazo wengi huziita spotilaiti. Taa hizo huuzwa zikiwa na nyaya zake, swichi, rilei, fyuzi na karatasi moja iliyokunjwa. Karatasi hiyo ndiyo matini inayohakikiwa hapa.

Kuna atakayeuliza kama matini ya namna hiyo inastahili uhakiki. Jakobson (1960) alibainisha dhima sita za lugha, mojawapo ikiwa ile inayomlenga mpokeaji na kumtaka atende. Matini za maelekezo zimejengwa juu ya dhima hiyo, na ubora wake hupimwa kwa tendo linalofuata usomaji. Reiss na Vermeer (1984) nao wamesisitiza kwamba tafsiri huongozwa na lengo la matini lengwa katika utamaduni wa hadhira yake. Kwa kigezo hicho, karatasi ya maelekezo inayotafsiri kila neno kwa usahihi lakini ikamwacha fundi bila kujua waya uende wapi, imeshindwa kazi yake. Mshairi akiwa na utata, msomaji hupata tafsiri mbili za shairi. Karatasi hii ikiwa na utata, msomaji hupata njia mbili za kuunga nyaya, na moja kati ya hizo huenda ikawasha moto chini ya boneti.

Sentensi za mfano katika makala hii zimetungwa kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika matini za aina hiyo. Hazikunukuliwa kutoka karatasi ya mtengenezaji yeyote.

2.0 Hoja ya Uhaba wa Istilahi

Maelezo yanayotolewa kwa haraka kuhusu udhaifu wa maelekezo ya kiufundi ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Hoja hiyo haina nguvu katika eneo hili. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. *Volti*, *ampea*, *wati*, *saketi*, *mkondo*, *chanya* na *hasi* ni maneno yanayofundishika. Nje ya kamusi, mafundi wa umeme wa magari wana *fyuzi*, *rilei*, *swichi*, *soketi*, *bodi*, *eathi* na *shoti*, na hakuna anayesimama katikati ya kazi kutafuta jina la kifaa alichokishika.

Jambo hili linathibitishwa na karatasi zenyewe. Ukiorodhesha nomino zake moja moja, hakuna inayomshinda fundi. Anayeelewa kila neno bado anaweza kushindwa kuelewa sentensi. Tatizo linapaswa kutafutwa katika namna maneno hayo yanavyounganishwa.

3.0 Mzigo wa Ngeli ya I-ZI

Upatanisho wa kisarufi ni mojawapo ya nguvu kubwa za Kiswahili katika kufuatilia virejelewa. Mtu anaweza kuambiwa: “Chukua mkate, kisu na chumvi, uukate, ukioshe, uiweke mezani,” naye asikosee hata kidogo. Nomino tatu zimetajwa mara moja tu, kisha viambishi *-u-*, *-ki-* na *-i-* vikaendeleza kazi. Mfasiri mzoefu huitegemea nguvu hiyo bila kuifikiria.

Katika umeme wa magari nguvu hiyo hupotea. Taa, betri, swichi, rilei, fyuzi, soketi, bodi na skrubu zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Sababu yake inajulikana: ngeli hiyo ndiyo hupokea sehemu kubwa ya maneno ya mkopo yanayotaja vitu visivyo na uhai. Kila kifaa kipya kinachoingia karakanani huingia kwa mlango huo huo. Fikiria sentensi ifuatayo:

(1) Unganisha rilei na swichi, kisha iunganishe kwenye betri kupitia fyuzi. Hakikisha imefungwa ipasavyo kabla ya kuiwasha.

Kiambishi *i-* katika *iunganishe* kinaweza kurejelea rilei au swichi. Katika *imefungwa* warejelewa wanaowezekana wamekuwa wanne: rilei, swichi, betri na fyuzi. Katika *kuiwasha* msomaji hulazimika kwenda nje ya sentensi kabisa na kuitafuta taa, ambayo haikutajwa. Sarufi ya sentensi haina kosa. Mwalimu wa shule hataweka alama nyekundu popote. Lakini tofauti ya usomaji ina matokeo. Anayesoma kuwa rilei ndiyo inayopata umeme kutoka betri atakuwa na saketi ya kawaida. Anayesoma kuwa ni swichi atakuwa na swichi yenye umeme saa zote, hata ufunguo wa gari ukiwa mfukoni, na taa zikisahaulika zinawaka, asubuhi betri itakuwa imekwisha.

Neno *waya* lina tatizo lake. Wapo wanaoliweka katika U-ZI, *waya mwekundu* na *nyaya nyekundu*, na wapo wanaoliweka katika I-ZI, ambapo *waya nyekundu* ni umoja na pia ni wingi. Maelekezo yanayosema “Unganisha waya nyekundu kwenye namba 87” yanamwacha mwenye taa mbili akijiuliza kama ni waya mmoja au yote miwili, kwa maana kila taa ina waya wake mwekundu. Akiunga mmoja, taa moja haitawaka, naye atadhani ameuziwa taa mbovu. Upatanisho wa U-ZI ungeondoa swali hilo kwa herufi chache tu: *waya mwekundu* kwa umoja, *nyaya nyekundu* kwa wingi. Hapa uchaguzi wa ngeli una uzito wa kiufundi, wala si suala la ufasaha pekee.

4.0 Vitenzi Visivyo na Mwelekeo

Vitenzi viwili hutawala maelekezo haya: *kufunga* na *kuunganisha*. Kila kimoja kina udhaifu wa aina yake.

*Kufunga* kina maana tatu zinazokutana katika kazi hii. Kwanza ni kupachika kifaa mahali pake, kama katika *kufunga taa*. Pili ni kukaza, kama katika *kufunga skrubu*. Tatu ni kuziba au kuzuia, kama katika *kufunga bomba*. Maana hii ya tatu ndiyo yenye hatari, kwa sababu katika lugha ya fizikia saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Kufunga bomba huzuia maji, kufunga saketi huruhusu mkondo. Basi agizo “Funga swichi kabla ya kugusa nyaya” linaweza kueleweka kwa namna tatu: ipachike swichi kwanza, zima swichi, au washa swichi. Mwenye uzoefu wa bomba atachagua maana ya pili na kuwa salama. Mwanafunzi aliyetoka darasani kusoma saketi anaweza kuchagua ya tatu.

*Kuunganisha* kina tatizo la ulinganifu. Kimenyambuliwa kutoka *kuungana*, na maana ya kutendana iliyomo ndani yake hufanya “unganisha A na B” kuwa sawa na “unganisha B na A”. Kwa kamba mbili hilo halina madhara. Kwa umeme wa gari, ambako fundi anahitaji kujua chanzo, njia na mwisho, kitenzi hicho humficha msomaji jambo analolihitaji zaidi.

Vihusishi na viambishi vya mahali navyo havikutumiwa vizuri. Kiswahili kina *pa-*, *ku-* na *m-*, vinavyotofautisha mahali dhahiri, mahali pasipo mipaka dhahiri, na mahali pa ndani. Maelekezo huyamaliza yote kwa *kwenye*. “Weka fyuzi kwenye waya wa betri” haisemi kama fyuzi ikae karibu na betri au karibu na taa. Kiufundi tofauti ni kubwa. Fyuzi hulinda sehemu ya waya iliyo baada yake tu. Ikiwekwa mbele karibu na taa, urefu wote wa waya kutoka betri hadi hapo unabaki bila ulinzi. Waya huo ukisuguana na bodi hadi ngozi yake ikachubuka, utapiga shoti na fyuzi haitakatika, kwa kuwa mkondo haukuifikia.

5.0 Vivumishi Visivyo na Kipimo

Kundi la tatu la udhaifu ni maneno kama *sahihi*, *ipasavyo*, *inayofaa* na *vizuri*. Katika matini ya kisheria au ya kidini maneno hayo hurejelea kanuni inayojulikana kwa hadhira. Katika karatasi ya maelekezo, kanuni hiyo ndiyo msomaji anayoitafuta. “Tumia taa za volti sahihi” ni agizo linaloeleweka na anayejua jibu tayari. Suala hili ni zito hasa kwa Mikumi, mji ulio kando ya barabara ya malori. Malori makubwa kwa kawaida hutumia mfumo wa volti 24, na magari madogo volti 12. Taa ya halojeni ya volti 12 ikifungwa kwenye lori la volti 24 hupitisha mkondo mkubwa kupita kiasi na uzi wake huungua.

“Unganisha swichi kwenye chanzo cha umeme kinachofaa” ni mfano mbaya zaidi. Kishazi *kinachofaa* kinafunika uamuzi unaowahusu watu walio nje ya gari. Swichi ikichukua umeme kutoka waya wa taa kubwa za mwanga mrefu, taa za ziada zitazimika pamoja nazo dereva anapopunguza mwanga kwa ajili ya gari linalokuja mbele. Swichi ikichukua umeme moja kwa moja kutoka betri, taa za ziada zitabaki zinawaka hata baada ya mwanga kupunguzwa, na dereva wa upande wa pili atapita hifadhini macho yakiwa yametiwa kiwi. Hilo halikupaswa kuachiwa kivumishi.

Vivyo hivyo kwa *upande wa dereva*. Maneno hayo hutafsirika kwa urahisi, lakini mchoro uliotayarishwa kwa nchi ambako usukani uko kushoto humpeleka fundi wa Tanzania upande usio sahihi wa gari. Mfasiri amehamisha maneno bila kuhamisha gari.

6.0 Lugha ya Karakana

Fundi aliyekomaa huiweka karatasi kando na kumweleza mwanafunzi wake kwa mtindo mwingine. Mtindo huo, kwa sura yake ya jumla, ni huu:

(2) Moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia namba 30 ya rilei. Unatokea namba 87, unakwenda kwenye taa. Taa zinamalizia bodi.

Kwa mtazamo wa kisarufi, sentensi hizi zina jambo la kuzingatiwa. *Moto*, yaani umeme wa chanya, ni nomino ya ngeli ya U-I. Kiambishi chake cha upatanisho, *u-*, hakifanani na cha betri, fyuzi, rilei wala taa. Vifaa vyote vya I-ZI vimegeuzwa kuwa vituo, na kiima kimebaki kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Vitenzi vitano mfululizo, *unatoka*, *unapita*, *unaingia*, *unatokea*, *unakwenda*, vinafuata bila nomino kurudiwa na bila utata kuzuka. Nguvu ya upatanisho iliyopotea katika mfano (1) imerudi, kwa sababu kilichochaguliwa kuwa kiima ni kitu pekee kinachosafiri. Hata *waya* wa ngeli ya U-ZI hauleti mgongano, kwa kuwa hautajwi: njia ya moto ndiyo waya.

Vitenzi vyenyewe pia ni vya mwelekeo. *Kutoka*, *kupita* na *kuingia* vina mwanzo na mwisho, na *kutokea*, katika kauli ya kutendea, kinabainisha mlango. Maelekezo yamekuwa masimulizi ya safari, yenye mpangilio unaokumbukika hata karatasi ikiwa imelowa mafuta. Mafundi hutaja nyaya nao kwa kanuni hiyo hiyo: *waya wa moto*, *waya wa bodi*, *waya wa swichi*. Kila mmoja umepewa jina la kazi yake badala ya rangi, na rangi ndiyo hupotea kwanza karatasi inapotolewa nakala nyeusi na nyeupe.

Namba 30, 85, 86 na 87 zinastahili kutajwa. Zimetokana na kiwango cha Kijerumani kiitwacho DIN 72552, na zimechapwa chini ya rilei za kawaida: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni ncha za koili inayoamrishwa na swichi. Fundi huzichukua kama majina halisi. Hazina ngeli zinazogongana, hazina tafsiri, na haziwezi kurejelea kitu kingine.

7.0 Mipaka ya Lugha ya Karakana

Itakuwa kosa kuisifu lugha hii kupita kiasi. Kwanza, hutegemea uonyeshaji. *Hii hapa* na *ile pale* hueleweka kwa aliyeinama chini ya boneti pamoja na fundi, na hupoteza maana kwa aliye Kilosa akipokea maelekezo ya simu kutoka Mikumi. Pili, husimulia njia bila kutaja wingi. Mfano (2) hausemi fyuzi ni ya ampea ngapi wala waya una unene gani. Taa mbili za wati 55 kila moja hutumia wati 110, ambazo katika volti 12 ni mkondo wa ampea zipatazo 9.2. Asiyefanya hesabu hiyo anaweza kuweka fyuzi ya ampea 30 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na waya mwembamba utaungua kabla ya fyuzi kukatika. Tatu, neno *moto* lina maana ya msingi inayoweza kuleta mkanganyiko katika maonyo: “waya umeshika moto” ni habari njema kwa fundi na ni balaa kwa mwenye gari.

Kuna watakaosema kuwa mchoro unatosha kumaliza matatizo yote haya. Mchoro husaidia, lakini nao ni lugha inayosomwa kwa kanuni zake, na kanuni hizo huelezwa kwa maneno yaleyale yaliyohakikiwa hapo juu. Mchoro pia hauonyeshi nini kitangulie na nini kifuate.

8.0 Matini Mbadala

Uhakiki wa matini ya maelekezo unawajibika kuonyesha kwamba matini bora inawezekana. Ifuatayo inahusu taa mbili za halojeni za wati 55 katika gari la volti 12:

(3) Kwanza, toa waya wa hasi kwenye betri. Usiurudishe mpaka nyaya zote zikazwe.
Moto wa taa: unatoka chanya ya betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Unapita fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri. Unaingia namba 30 ya rilei na kutokea namba 87. Hapo unagawanyika: waya mmoja kwa kila taa. Waya wa pili wa kila taa unamalizia bodi, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu.
Moto wa swichi: unatoka waya wa taa kubwa za mwanga mrefu. Unapita swichi, unaingia namba 86. Namba 85 inamalizia bodi.
Jaribio: washa mwanga mrefu, kisha washa swichi. Taa za ziada ziwake. Punguza mwanga. Taa za ziada zizimike.

Katika matini hii kila safari ina kiima kimoja. *Kuunganisha* hakikutumika hata mara moja, na *kufunga* kimeepukwa. *Mwembamba*, *sahihi* na *ipasavyo* vimeachia nafasi vipimo. Jaribio la mwisho linampa msomaji njia ya kujua kama ameelewa, jambo ambalo maelekezo yaliyozoeleka humwachia dereva aligundue barabarani. Istilahi mpya haikuhitajika.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba lawama zinazoelekezwa kwa msamiati wa Kiswahili katika matini za kiufundi huficha kasoro za uandishi. Maneno ya mkopo yanapokusanyika katika ngeli moja, mwandishi hana budi kurudia nomino au kubadili kiima, kwa kuwa kiambishi peke yake hakitamfikisha. Mafundi wamelitambua hilo kwa vitendo. Fundi anayeitupa karatasi huitwa mtu asiyesoma maelekezo, ilhali mara nyingi ameisoma, akaona haimwambii moto unapita wapi, na akarudi kwenye lugha inayomwambia.

Kwa kozi za tafsiri vyuoni, pendekezo ni kwamba matini za maelekezo zifundishwe na kujaribiwa kwa vitendo: mwanafunzi atafsiri, na mtu mwingine afunge kifaa kwa kufuata tafsiri hiyo pekee. Mji wa Mikumi una chuo cha ufundi stadi cha VETA, na ushirikiano kati ya vyuo vya aina hiyo na idara za Kiswahili ungewapa wafasiri wasomaji wa kuwajaribu na kuwapa mafundi maandishi yenye vipimo. Kwa watafiti wa sarufi, suala la msongamano wa maneno ya mkopo katika ngeli ya I-ZI linahitaji kuchunguzwa katika nyanja nyingine zenye hatari kama hiyo, zikiwamo maelekezo ya dawa, ya mitungi ya gesi na ya mashine za kusaga.